Umri wa Mafunjo na Umri wa Maneno

Machimboni Shinyanga na Geita, mng'aro pekee hauthibitishi dhahabu: shaba iliyopakwa dhahabu nayo hung'aa, ingawa uzito wake haufikii nusu ya uzito wa dhahabu ya ujazo uleule. Hati za kale zahitaji hadhari hiyo hiyo.

Mwaka 2012 Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande cha mafunjo chenye maandishi ya Kikopti, ambamo Yesu anamtaja mke wake. Kipimo cha kaboni kilionyesha kuwa mafunjo yamepita miaka elfu moja. Lakini maneno yalifuata Injili ya Tomaso, pamoja na kosa lililomo katika toleo la kompyuta la mwaka 2002. Mwaka 2016 King alikiri kuwa yaelekea yameghushiwa.

Kaboni ilipima umri wa mmea, si wa maandishi. Mwanafunzi na ajiulize daima: kilichopimwa ni kipi?