Tafakari ya Ramadhani, siku ya 14: Sema kasoro ya saa



Hapa Tunduma simu ikishika mtandao wa Nakonde inaweza kurudi nyuma saa nzima, maana ndiyo saa ya Zambia. Ndiyo maana wengine tunapenda saa ya mkono, hata ile ya zamani ya kutia ufunguo, iliyofufuliwa na fundi.

Wewe unayeiuza: uso umepakwa rangi upya? Sema. Mashine imetoka kwenye saa nyingine? Sema. Haizuii maji tena, na mwenzako anatawadha kila siku? Sema. Inakimbia dakika tatu? Usipomwambia, atafuturu jua halijazama.

Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, akaonya kuwa mdanganyifu si katika watu wake (Muslim).

Nawe mnunuzi, uliza. Kubalianeni siku tatu za kujaribu, sheria inaruhusu.

Kazi ya leo: kuna ulichouza ukaficha kasoro? Mpigie mwenyewe kabla ya futari.

Allah atujaalie ukweli. Aamin.