Shule ya Kanisa, Mwalimu wa Serikali

SWALI: Mwanangu anaanza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya umma yenye jina la mtakatifu. Sisi ni Waislamu. Je, atalazimishwa kwenda misa? – Mama wa Nakuru

JIBU: La, mama. Kwa Kenya, shule kama hiyo ni ya umma. Kanisa Katoliki ni mfadhili wake. Walimu wameajiriwa na TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu, na mtaala ni ule ule wa taifa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wajumbe watatu katika bodi ya usimamizi na pia usimamizi wa malezi ya kiroho, ikiwemo kuteua kasisi mlezi kwa gharama ya mfadhili mwenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka alinde imani ya wengine, na Katiba, ibara ya 32, inakataza kumshurutisha mtu kutenda lililo kinyume cha dini yake.

Shida huja katika mambo madogo: sala ya gwaride, kipindi cha PPI (mafunzo ya kiroho shuleni), misa ya mtakatifu somo wa shule. Hapo nenda kwa mwalimu mkuu mapema, kabla muhula haujachangamka, muulize mtoto atakaa wapi na nani wakati huo. Asiachwe kuzurura uwanjani. Hilo huumiza mtoto kuliko misa yenyewe. Uliza pia kama kuna mwalimu wa IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu. Asipokuwepo, zungumza na wazazi wenzako Waislamu mlipeleke ombi pamoja. Bodi ina wazazi sita waliochaguliwa, waanzieni hao.