Kipimo cha Kingamwili Baada ya Chanjo ya Homa ya Ini

Muuguzi aliyemaliza sindano tatu za chanjo ya homa ya ini aina ya B hushauriwa kurudi maabara mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya mwisho, ili damu yake ipimwe kingamwili. Mteja wa kawaida aliyechanjwa kwa chanjo ile ile haambiwi arudi. Wapo wanaodhani wamepunjwa, na wapo wanaouziwa kipimo hicho kwa sababu ya dhana hiyo. Ni vyema basi tueleze tofauti hii imetoka wapi.

Chanjo hii huuzoeza mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya virusi kabla virusi vyenyewe havijaingia. Kwa mtu mzima, sindano ya pili hufuata mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu hutolewa mwezi wa sita. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga ni miliyuniti 10 kwa mililita. Katika vijana wenye afya njema, zaidi ya 90 kati ya 100 hukivuka. Umri uliozidi miaka 40, uvutaji wa sigara, unene uliokithiri, kisukari na maradhi ya figo hupunguza mwitikio. Hata kuchomwa kwenye makalio badala ya msuli wa juu ya mkono huupunguza.

Kwa mteja wa kawaida, uwezekano huo mdogo wa kubaki bila kinga haulazimishi kipimo. Kwa muuguzi hali ni nyingine. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivi ikimchoma mtu asiye na kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika 100. Kwa Virusi vya Ukimwi ni takriban 3 katika 1,000. Hivyo anapaswa kujua hali yake kabla ya ajali. Akikutwa chini ya 10, huchanjwa upya, na wengi huitikia safari hiyo. Asipoitikia, hupimwa kama tayari anavyo virusi. Ikiwa hana, siku atakayochomwa atapewa immunoglobulini, yaani kingamwili iliyo tayari, na wala hataachwa kuitegemea chanjo.

Nje ya watumishi wa afya, kipimo hiki kinawafaa wanaosafishwa damu kwa mashine, wenye upungufu wa kinga mwilini, wenza wa watu wenye virusi, na watoto waliozaliwa na mama mwenye virusi.

Kingamwili hupungua kadiri miaka inavyopita. Mtu mwenye afya njema aliyechanjwa kikamilifu akaitikia anaweza kupimwa baada ya miaka 10 akakutwa chini ya kiwango, na bado mwili wake ukawa na kumbukumbu ya kupambana na virusi. Kumuuzia sindano ya nne kwa hoja ya namba hiyo pekee, kwa maoni yetu, ni kumtoza fedha bila sababu.

Majibu ya maabara nayo yasomwe kwa uangalifu. Neno «chanya» mbele ya herufi anti-HBs ni habari njema: kingamwili ipo. Neno hilo hilo mbele ya HBsAg maana yake virusi vimeonekana, na mhusika anahitaji daktari. Tofauti ni ya herufi chache tu, lakini ndiyo inayomtenga mwenye kinga na mwenye ugonjwa. Mwombe mtoa huduma akueleze umepimwa kipi kati ya hivyo viwili, na akuandikie.

Kabla ya kulipia chanjo, omba kipimo cha HBsAg, kwani aliyekwisha kuambukizwa haponywi na chanjo. Tazama pia kadi ya kliniki ya utotoni: Tanzania iliiingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo huenda kijana aliyezaliwa baada ya hapo alikwisha kuipata.

Jambo moja huwasumbua wanaopimwa kwa ajili ya safari za kazi au kuchangia damu. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini ya ganda la virusi, na kipimo cha HBsAg kinaweza kuiona kwa siku kadhaa, hata 18, na kutoa jibu la chanya kwa mtu mzima kabisa. Subiri wiki nne baada ya sindano ndipo upimwe, na kadi ya chanjo uende nayo.