Usidanganyike na Jua la Februari

Mdogo wangu, hebu weka chini hiyo pakiti ya mbegu kwanza, tuzungumze. Najua ulivyo. Umekaa kwenye orodha ya halmashauri hapa Uingereza miaka na miaka, sasa umekabidhiwa kijishamba chako cha kukodi, Februari imechomoza jua siku mbili, na moyo umeshakimbilia mchicha. Si wewe peke yako. Baridi hii ya miezi imetuchosha sote, na mtu akiona kijani kidogo anahisi kama amefika nyumbani. Nakuelewa, lakini sitakuacha uharibu mbegu.

Lile jua linang'aa tu, mwanangu. Udongo chini bado ni barafu na maji. Mbegu ya mchicha au ya boga ukiitia humo haioti, inaoza. Halafu utalaumu duka, utalaumu mkono wako, utasema kilimo cha huku hakikutaki, kumbe kosa ni la tarehe tu.

Utaniambia, "Dada, mimi nasia ndani, dirishani, juu ya hita." Hapo ndipo wengi mnaponaswa. Joto mnalo, mwanga hamna. Katikati ya Februari London inapata saa kumi hivi za mchana, na nyingi ni za mawingu. Sisi tuliokulia Tanga na Mombasa hatukuwahi kufikiri kwamba mwanga unaweza kupungua. Mchana wetu ni karibu ule ule mwaka mzima. Mche uliopewa joto bila mwanga hurefuka kuutafuta, shina likawa jembamba, rangi ikafifia, ukaegemea kioo kama mgonjwa. Ukiutoa nje unakatika. Pilipili ndizo zinazokua polepole, hizo anza nazo mapema kama una mahali penye joto na dirisha la kusini. Nyanya zisubiri Machi. Nyanya ya Machi mara nyingi huikuta ile ya Februari na kuipita. Na kama tayari umeshazisia na zimerefuka, usilie: zihamishie kwenye vikopo vyenye kina, fukia shina mpaka karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi.

Kitu kingine, maji. Nasema na wewe unayemwagilia kila ukipita. Jioni umeiacha miche imesimama, asubuhi unaikuta imelala yote upande mmoja, shina limenywea pale linapoingia udongoni. Hicho ni kinyausi, ukungu unaopenda trei zilizobanana, zilizoloa, zisizopitisha hewa. Mche ukishalala hivyo hauponi, na uchungu wake naujua, maana ulikuwa umeshauzoea kuusalimia asubuhi. Basi osha trei kabla ya kusia, tumia mboji mpya, tia mbegu chache, na kifuniko kiondoe zikishaota. Maji yatoke chini: weka trei kwenye sinia la maji, udongo ukishanyonya itoe. Kisha iache hadi juu pakauke kidogo. Kuhamisha nako, shika jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine, shina ni hilo hilo moja.

Tena kuna hofu ya barua ya halmashauri. Mmesikia kuwa asiyelima hunyang'anywa kipande, basi mnakwenda na jembe kwenye matope ili muonekane. Usifanye hivyo. Udongo ukiganda kwenye buti zako, geuza urudi nyumbani. Ukiukanyaga umelowa, hasa wa mfinyanzi, unashindiliwa na mizizi itateseka msimu mzima. Funika kwa maboksi makubwa, juu yake mwaga samadi iliyooza. Wakaguzi wataona kazi, nawe utakuta magugu yamepungua. Mkono ukiwasha sana, panga viazi vya mbegu kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, mahali penye mwanga pasipogandisha. Vichipuke taratibu, utavipanda mwishoni mwa Machi. Nunua vilivyothibitishwa kuwa havina magonjwa, usichukue vya jikoni.

Sasa nije kwenye zile mbegu za mahindi alizokupa mama. Naziheshimu, na najua unataka kuonja ya nyumbani. Lakini mahindi mengi ya kwetu hungoja mchana mfupi ndipo yatoe maua, na kiangazi cha huku mchana unafika saa 16. Utapata mabua marefu ya kupendeza, gunzi hakuna, na baridi ikarudi. Nunua mbegu iliyozoea huku, na uipande kwa kundi la mistari kadhaa, si mstari mmoja mrefu, kwa sababu chavua yake hubebwa na upepo.

Na miche yako ikishapendeza, usije ukaihurumia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa siku 7 hadi 14 itoe nje mchana, irudishe ndani usiku, ijue upepo kabla ya kuhamia shambani moja kwa moja. Anayeruka hatua hii anaamka kukuta majani meupe, yameungua. Sehemu nyingi za huku sakitu, ile barafu ya usiku, huweza kuanguka mpaka katikati ya Mei, na kaskazini hata mwanzoni mwa Juni. Usiku mmoja unatosha kumaliza nyanya zako zote.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwa yule mzee wa kipande cha jirani, msalimie vizuri, umuulize sakitu ya mwisho hapo huanguka lini. Tarehe atakayokutajia iandike, kisha hesabu kurudi nyuma: nyanya wiki 6 hadi 8, mahindi na maboga wiki 3 au 4. Sukuma wiki haina makuu, isie Machi au Aprili. Mchicha usiuguse kabla ya mwisho wa Mei, hata kama jua litakubembeleza.