Somo juu ya Ua la Ndege wa Peponi: Namna ya Kulipata Lichanue Nyumbani

Msomaji, katika malupango mengi ya Kipushi utaona kichaka cha majani marefu, yanayofanana na majani ya mgomba mdogo, ila haya ni magumu, na rangi yake ni ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Kichaka hiki hakina shina juu ya ardhi. Kila jani hutoka chini kwa kikonyo chake. Huo ndio mmea wa ndege wa peponi. Wenye elimu ya mimea huuita Strelitzia reginae, na ukoo wake ni jirani wa ukoo wa migomba. Ua lake likifunguka hufanana na kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu, na kishungi chake ni cha rangi ya machungwa na buluu. Lakini watu wengi wana majani tu. Huja kwangu wakauliza, "Moniteri, mmea wangu una miaka sita, mbona hautoi ua?" Somo hili ni kwa ajili yao.

Kwanza ujue mmea huu ulikotoka. Wengine hudhani uliletwa kutoka Ulaya, kwa sababu zamani uliwekwa mbele ya nyumba za wakubwa. Sivyo. Kwao ni Afrika ya Kusini, upande wa mashariki, karibu na pwani. Watu wa Ulaya waliuchukua huko, wakaupeleka Uingereza katika bustani ya Kew mwaka 1773, wakaupa jina kwa heshima ya Malkia Charlotte, binti wa watawala wa Mecklenburg-Strelitz. Huko kwao humea kandokando ya mito na mahali pa wazi palipo vichaka. Hupata jua jingi, mvua ya kutosha, kisha ukavu na usiku wa baridi kidogo. Mizizi yake ni minene kama kamba, nayo huweka maji. Mambo haya uyashike, maana kila neno la shauri nitakalotoa latoka hapo.

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa kuwa najua wengine hulifanya hata leo.

Mama mmoja mjane hapa Kipushi alikuwa na kichaka kilichopandwa na mume wake, aliyefanya kazi ya mgodi hata mgodi uliposimama mwaka 1993. Mume wake alipokuwa hai, mmea ulichanua kila kiangazi. Baada ya kufa kwake maua yakapungua, kisha yakakoma. Majirani wakasema mmea umemfuata mwenyewe. Mtoto wake wa kiume, mwenye mke na watoto wanne, akataka kuung'oa apande lenga-lenga mahali pale, kwa kuwa maua hayaliwi. Wala hakusema uongo. Mama akaniita, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma mambo ya shamba. Nipe dawa ya mmea huu, ama sivyo mwaka ujao hautakuwapo."

Nilikuwa mpya katika kazi. Nikautazama mmea, nikadhani una njaa. Nikamwambia atie mbolea ya kuku ndoo nzima kila mwezi, na maji kila jioni. Akafanya hivyo mwaka mzima, yeye na wajukuu wake, na maji huyachota mbali. Majani yakawa makubwa ajabu, yakafika kifuani mwa mtu. Ua hata moja halikutoka. Mtoto wake alinitazama tu, nami sikuwa na la kujibu.

Ndipo nikamleta mzee mmoja aliyetunza bustani tangu ujana wake. Mzee hakuugusa mmea. Alitazama juu, akauliza, "Mwembe huu ulikuwa na kimo gani siku ile mmea ulipopandwa?" Mama akajibu kwamba mume wake alipanda kokwa la embe mwaka ule ule. Basi mwembe ulikuwa umekua kidogo kidogo hata ukaufunika mmea, wala hapana mtu aliyeona, kwa sababu kivuli hiki hakikuja siku moja.

JUA

Mmea wa ndege wa peponi huishi kivulini miaka mingi bila kufa. Hilo ndilo linalotudanganya. Tukiona majani mazuri twadhani mahali panaufaa. Lakini ili uchanue wataka jua la muda wa saa tano au sita kila siku, na jua zuri kupita yote ni lile la tangu macheo hata katikati ya mchana.

Usikisie kwa macho. Chomeka kijiti karibu na kichaka, kisha siku moja ukitazame mara nyingi, asubuhi, mchana na alasiri, uone ni muda gani kijiti kimepigwa na jua. Fanya hivyo tena baada ya miezi, maana jua la Kipushi halipiti njia moja mwaka wote. Katika mwezi wa Juni, saa ya mchana, jua li upande wa kaskazini, na ukuta wa meta 3 hutupa kivuli cha meta 2 hivi upande wa kusini. Mwezi wa Desemba jua limehamia kusini kidogo, na kivuli cha mchana ni kifupi, nacho chaanguka kaskazini. Basi mtu aliyepanda nyuma ya nyumba, kusini mwa ukuta, akaona jua la Desemba akafurahi, ajue kwamba miezi yote ya kiangazi mmea wake waketi kivulini. Mahali pema ni upande wa kaskazini au wa mashariki wa nyumba, mbali na ukuta meta moja na nusu, usije ukalowa maji ya bati.

Najua shida iliyopo. Mahali penye jua ndipo mboga nazo zitakapo, na lupango ni dogo. Mimi sitakuambia ung'oe mboga kwa ajili ya ua. Panda mmea mpakani au kandokando ya njia ya kuingilia, mahali ambapo jembe la mboga halifiki.

UMRI, NA KUACHWA KATIKA AMANI

Kila ua hutoka kwenye kwapa la jani. Kwa hiyo mmea wenye majani machache hauna mahali pa kutolea maua. Kipande kilichogawanywa kutoka kichaka cha kale hukaa mwaka mmoja hata miwili, na mara nyingine mitatu, kabla ya kuchanua. Mmea uliotoka katika mbegu hukawia miaka minne au mitano, na pengine zaidi. Ukisema "mmea wangu hautoi ua," kwanza hesabu umri wake.

Tena mmea huu hupenda kubanana. Mizizi ikisongamana na mashina yakishikana, ndipo maua huwa mengi. Nimeona watu wanaougawanya kila mwaka wakidhani wanausaidia, au wanaouhamisha huku na huku kila nyumba inapopakwa chokaa. Kila mara mizizi minene hukatwa, na mmea huanza upya kutengeneza mizizi badala ya maua. Kichaka kikiisha kushika mahali pake, kiache miaka kumi ukipenda. Kwa sababu hiyo hiyo usilime kwa jembe karibu yake. Palilia kwa mkono.

Uangalie na kina. Mahali majani yatokapo pawe sawasawa na uso wa ardhi. Ukipafukia chini sana, au ukirundika udongo juu yake kila mwaka kama tufanyavyo viazi, maua yatakawia au hayatakuja.

UDONGO, MBOLEA NA MAJI

Hapa ndipo kosa langu la pili lilipokuwa. Mbolea ya kuku ina nguvu ya kuotesha majani, na mmea ulioshiba nguvu hiyo huendelea na majani tu. Yatosha kikapu kimoja cha samadi iliyooza kabisa, au cha takataka za mboga zilizooza, mwanzoni mwa mvua, mwezi wa Novemba. Iweke kuzunguka kichaka, isiguse mashina. Pamoja nayo tia mikono miwili ya majivu ya kuni au ya makala, mara moja kwa mwaka. Majivu husaidia maua, lakini yakizidi huharibu udongo.

Udongo wetu mwekundu umechoshwa na mvua nyingi za miaka mingi. Udongo wa vile vichuguu vikubwa vya mchwa tunavyoviona porini una chokaa zaidi kuliko udongo unaovizunguka, ndiyo sababu wazee hupenda kulima juu yake. Waweza kuchanganya kidogo katika shimo la kupandia, sehemu moja kwa sehemu tatu, pamoja na mchanga wa mto na samadi. Usitie mwingi, maana hushikana kama tofali, na mizizi hukosa pumzi.

Lakini usichukue mchanga kwenye marundo ya mabaki ya mgodi. Nimeona watu wakiuchukua kwa kuwa ni laini na uko karibu. Mchanga ule umebeba shaba, zinki, risasi na kadimiamu. Huunguza mizizi, na ubaya wake hauishi kwa ua, kwa maana watoto hucheza katika udongo huo huo, na lenga-lenga zinazopandwa hapo huliwa. Wala vumbi lake likianguka juu ya majani si neno jema. Katika kiangazi osha majani kwa maji kidogo na kitambaa.

Juu ya maji sina maneno mengi. Wakati wa mvua usinyeshee kabisa. Chimba mfereji ili maji yasisimame, maana mizizi minene huoza upesi. Wakati wa kiangazi mmea mzima watosheka na ndoo moja kwa juma, na mmea mchanga mara mbili. Yule mama alipoteza nguvu za wajukuu wake bure kwa shauri langu.

Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10, wala hilo halidhuru. Kinachodhuru ni sakitu katika mabonde ya dambo: huunguza machipukizi ya maua yakawa meusi. Anayekaa bondeni apande mahali palipoinuka kidogo.

MAMBO YALIVYOKWISHA KWA YULE MAMA

Mama alikataa kuukata mwembe. Embe zake huwalisha watoto mwezi wa Desemba, wakati ghala ni tupu. Mzee akasema basi tugawane. Mwezi wa Septemba tulikata matawi matatu ya chini, upande wa mashariki na wa kaskazini, jua la asubuhi likaingia. Mbolea ya kuku tukaikomesha. Mvua zilipoanza tukaondoa kipande kimoja cha kichaka, upande mmoja tu, tukakipanda karibu na njia, mbele ya nyumba. Lenga-lenga zikapandwa upande wa pili wa lupango.

Kiangazi kilichofuata kichaka cha kale kilitoa maua mawili. Kile kipande kilichohamishwa hakikutoa kitu, wala mwaka wa pili, na yule mtoto wa kiume aliuliza mara nyingi kama bado twangoja. Mwaka wa tatu kilitoa ua moja. Sasa hutoa zaidi kuliko kile cha kale, kwa sababu mwembe wazidi kukua, na matawi yake hurudi.

KUGAWANYA NA KUPANDA

Gawanya mwanzoni mwa mvua, ili kipande kipate miezi ya kushika. Chimba pembeni, ufunue mizizi kwa mkono, kisha ukate kwa kisu kikali kipande chenye mashina matatu au manne na mizizi yake. Kipande cha shina moja chaishi, lakini hukawia mno. Kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke. Chimba shimo la upana wa mkono mmoja, panda kwa kina kile kile cha kwanza, acha meta moja na nusu kati ya mmea na mmea. Punguza majani makubwa yasivutwe na upepo.

Ukipata mbegu, ni nyeusi, nazo zina nyuzi za rangi ya machungwa kama nywele. Huku kwetu hazipatikani sana. Huko kwao ndege hutua juu ya sehemu ya buluu ya ua, nayo hufunguka, unga wa ua ukashika miguu yake, akaupeleka kwa ua lingine. Ondoa nyuzi, loweka mbegu siku nzima, panda kina cha kidole kimoja kwa upana wake, mahali pa joto, uweke unyevu. Usizitupe upesi: huota baada ya mwezi mmoja hata mitatu, na nyingine hukawia zaidi. Mbegu mbichi huota vizuri kuliko za zamani. Uziweke mbali na watoto, kwa kuwa zikiliwa hutapisha.

WADUDU, NA KUKATA MAUA

Ukiona chungu wakipanda na kushuka vikonyoni, tazama chini ya majani. Watakuwako wadudu kama magamba madogo, au weupe kama unga. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila juma hata waishe. Majani makavu ya chini yaondoe, maana mchwa huyafuata.

Kata ua siku ile kishungi cha kwanza kinapofunguka, kwa kisu, chini kabisa ya kikonyo. Ndani ya ule mdomo mna maua mengine manne au matano. La kwanza likinyauka liondoe, kisha uingize kidole gumba taratibu katika ufa wa juu, ulivute la pili litoke. Hivyo ua moja hukaa katika maji juma moja hata mawili, na anayeliuza kwa arusi huko Lubumbashi aweza kulikata jana yake bila hofu. Vikonyo vya maua yaliyokauka mmeani vikatwe vilevile chini kabisa. Visiachwe nusu, huoza mvua zinaponyesha.