Jua Haki Zako: Bima Yako Italipa Lini?

Hapa Leparua, Isiolo, mali ya mtu hailali chini ya paa moja. Kuna nyumba ya mabati iliyojengwa kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja, kuna vyombo na sola ndani yake, na kuna ng'ombe wanaohamahama kufuata nyasi. Ndiyo maana mtu akiniuliza ni kampuni gani ya bima anayoweza kuiamini, humrudishia swali: siku hasara ikikupata, ni jambo gani hasa litakalowafanya wakulipe?

Jibu limo katika mkataba, na ni haki yako kulipata kabla hujatoa hata shilingi moja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Kama mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoielewa, mwambie wakala akueleze kwa lugha yako, mbele ya mtu unayemwamini anayejua kuusoma. Usitie saini kwa kuona haya.

Bima ya nyumba

Jengo na vitu vilivyomo hukatiwa bima kila kimoja kwa thamani yake. Ukikata ya jengo peke yake, televisheni ikiungua hasara ni yako. Uliza kuhusu moto, wizi, upepo na mafuriko, kimoja baada ya kingine. Taja ukuta na paa kama vilivyo. Ukiandika mawe na nyumba ni ya udongo, umewapa sababu ya kukataa madai yako.

Thamani nayo isipunguzwe. Tuseme kuijenga nyumba yako upya ni shilingi 800,000, nawe umeikatia bima ya 400,000 ili ulipe kidogo. Moto ukiharibu sehemu ya nyumba ya thamani ya 200,000, kampuni inaweza kukulipa 100,000 tu, kwa kuwa ulikata bima ya nusu. Na kama nyumba imesimama kwenye ardhi ya jamii na huna hatimiliki yako binafsi, waulize mapema watakubali ushahidi gani kuwa jengo ni lako. Jibu waliandike.

Bima ya mifugo

Hapa ndipo watu wengi huona wamedhulumiwa. Bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, ikafika Isiolo mwaka 2013. Bima hii haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo lote, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, hata kama mifugo wake wote wako hai. Ng'ombe wako akifa kwa ugonjwa malisho yakiwa mazuri, hulipwi. Mwenzako wa ng'ambo ya mpaka wa eneo anaweza kulipwa nawe ukakosa. Basi uliza: boma langu limehesabiwa katika eneo gani? Kiwango cha kulipwa ni kipi? Fedha hutoka lini, mapema ili ninunue nyasi na maji, au baada ya mifugo kwisha?

Ndovu akivunja stoo au simba akiua ng'ombe, kuna njia nyingine. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakuruhusu kuidai serikali fidia. Ripoti upesi kwa shirika la wanyamapori, KWS, na upige picha kabla hujaondoa chochote. Madai hupelekwa kwa kamati ya fidia, na huweza kukataliwa kama hukuchukua hatua za kawaida za kulinda mali yako.

Kampuni ni ya kweli?

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa kila mwaka orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Hutoa pia takwimu za jinsi kila kampuni inavyolipa madai. Zitazame hizo kabla ya tangazo la redio. Jina kubwa peke yake si kinga: kampuni ya bima ya United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, na wateja wakabaki na karatasi mkononi.

Lipa kwa akaunti au nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya wakala. Kwa Sheria ya Bima, Sura ya 487, kampuni haibebi hatari yako kabla ya kupokea malipo. Fedha zikilala kwa wakala, unaweza kujikuta huna bima.

Siku ya hasara

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka risiti, picha za nyumba na nakala ya mkataba mahali pasipoweza kuungua pamoja na nyumba, hata kwa ndugu aliye Isiolo mjini. Hasara ikitokea, toa taarifa ndani ya muda uliotajwa katika mkataba. Ikiwa ni moto au wizi, pata pia ripoti ya polisi. Madai yaandikwe, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe, kwa kuwa sheria imeweka kikomo cha siku 90 cha kulipa madai.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Usiporidhika, lalamika IRA, hulipi chochote. Mahakama pia iko wazi, na kwa kawaida kesi ya mkataba huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Usitie saini karatasi inayosema umelipwa kikamilifu wakati bado unadai.

Bima ya mifugo huuzwa kabla ya mvua, Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Wakala akija, msimsikilize mmoja mmoja. Mwiteni barazani, mumuulize mbele ya wote bima hii italipa lini na haitalipa lini, na mtu mmoja aandike majibu yake. Kama hataki yaandikwe, shikeni fedha zenu.