Zilzala Inayongojewa Istanbul



Tarehe 6 Februari 2023 zilzala mbili ziliipiga Uturuki kwa siku moja, wakafa katika nchi hiyo peke yake watu zaidi ya 53,000. Tangu hapo twaulizwa katika darsa: je, msiba kama huo waweza kurudi? Na kama waweza, mwanadamu ana la kufanya, au kazi yake ni kungoja tu? Tumeona bora tueleze khabari ya mji ambao wataalamu wanauhofia mno, nao ni Istanbul.

Kwanza, sababu. Ardhi tunayoikanyaga ni mapande makubwa ya mwamba yanayosogea polepole. Kaskazini ya Uturuki mna ufa mrefu wa zaidi ya kilomita 1,000, utokao mashariki hata Bahari ya Marmara, na mapande ya huku na huku hupishana kadiri ya sentimita 2 kila mwaka. Palipokwama hapapishani, nguvu hujilimbikiza hapo kama upote unaovutwa, hata siku moja mwamba ukaachia kwa ghafula. Hiyo ndiyo zilzala.

Pili, dalili. Mwaka 1939 ufa huo ulipasuka Erzincan, wakafa watu zaidi ya 30,000. Baadaye ukaendelea kupasuka kipande kwa kipande kuelekea magharibi, hata tarehe 17 Agosti 1999 ikawa zamu ya Izmit, mji ulio mashariki ya Istanbul. Serikali ilihesabu maiti zaidi ya 17,000. Kipande kilicho chini ya bahari mbele ya Istanbul hakijapasuka kwa nguvu tangu 1766. Vyombo vilivyotiwa chini ya bahari vilionyesha, katika uchunguzi uliotangazwa 2019, kuwa kimekwama, na deni lake la mwendo ni mita 4 au zaidi. Hilo latosha kuleta zilzala ya kipimo cha 7.1 hata 7.4.

Mwaka 2000 wataalamu walikisia kwa asilimia 62 kwamba mtikisiko mkali utaufikia mji huo katika miaka 30. Waliohesabu baadaye walitoa kadiri nyingine. Hesabu hizi ni za uwezekano. Ama siku na saa yake, hapana chombo kiijuacho. Tarehe 23 Aprili 2025 bahari hiyo ilitikiswa kwa kipimo cha 6.2, mamia waliumia, wengi wao kwa kuruka kutoka majumbani kwa hofu.

Tatu, madhara. Zilzala ya 1509 wenyeji waliiita Kiyama Kidogo, na mji wa siku zile ulikuwa mdogo. Leo una watu zaidi ya milioni 15, wengi wao katika maghorofa. Na katika zilzala, wauao zaidi ni kuta na dari. Baada ya msiba wa 1999 zilionekana nguzo zilizovunjika zikiwa na makombe ndani ya zege, kwa kuwa wajenzi walitia mchanga wa pwani. Sisi watu wa bahari twajua jinsi chumvi ilavyo chuma. Tena mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha, majumba yaliyojengwa bila ruhusa yakasajiliwa kwa malipo. Fedha ziliingia hazina, na nguzo zikabaki kama zilivyokuwa.

Hatusemi kwamba hapana lililofanywa. Sheria ya ukaguzi wa majengo ilitoka 2001, na ya kubomoa majumba ya hatari 2012. Lakini kujenga upya ni gharama, na maskini aliyeambiwa kuwa nyumba yake si salama hulala humo humo, kwa kuwa hana pengine.

Basi jawabu letu ni hili. Kutikisika kwa ardhi kumo katika kudra, wala hapana awezaye kukuzuia. Mchanga uliotiwa katika zege, chuma kilichopunguzwa, na sahihi ya mkaguzi asiyekagua, hayo ni amana iliyo mikononi mwa watu, na kila mmoja ataulizwa juu ya yake. Anayeiba saruji leo akasema kesho kwamba waliokufa ajali yao ilifika, ameifanya kudra kuwa pazia la khiana yake. Na miji yetu nayo yapanda ghorofa juu ya ghorofa. Fundi, mwenye nyumba na mkaguzi, kila mmoja na autazame mkono wake.

Wallahu aalam.